Bawabu Hakuambiwa

Ijumaa ilimkuta mpelelezi Kobe amebakiwa na siku tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa za mapumziko, ofisi zote zimefungwa. Jumatatu asubuhi mwendesha mashtaka angelichukua faili na kulifikisha mahakamani, na ndani ya faili hilo mlikuwa na mtuhumiwa mmoja tu: Mama Pacha, mpokea simu wa zamu ya mchana katika Kituo cha Simu za Dharura. Kosa lake lilikuwa limeandikwa kwa mstari mmoja, uzembe uliosababisha vifo vya watu wawili. Kwa kosa hilo watu hufungwa miaka.

Jina la Kobe alipewa na vijana wa kitengo cha upelelezi kwa sababu ya mwendo wake, naye hakuwahi kulikataa. Akitaniwa hujibu kwamba kobe husafiri na nyumba yake mgongoni, kwa hiyo hana haja ya kurudi nyuma kuchukua alichosahau.

Kisa chenyewe kila mtu mjini alikijua. Wiki tatu zilizopita, siku ya upepo mkali ulioezua mabati ya nusu ya mji, nyumba ya fundi cherehani mmoja ilishika moto. Jirani alipiga simu saa nane na dakika kumi mchana. Mama Pacha akaipokea, akaandika ujumbe, akabonyeza kitufe cha kutuma, na kompyuta yake ikaandika kwamba ujumbe umetumwa saa nane na dakika kumi na moja. Kule zimamoto hakikufika kitu. Gari lilitoka dakika arobaini baadaye, jirani alipopiga simu tena na kupokewa na mtu mwingine. Fundi cherehani na mama yake mzazi walitolewa wakiwa maiti, wameshikana mikono nyuma ya mlango.

Mkuu wa kituo alikuwa na maelezo mepesi kama karatasi. Alisema njia ya ujumbe imejaribiwa mara thelathini baada ya msiba, na mara zote thelathini ujumbe ulifika. Basi mtambo ni mzima. Mama Pacha hakutuma, na alipogundua kosa lake aliingia kwenye daftari la seva akaandika saa ya uongo. Angeingiaje? Kwa nywila ya mdogo wake. Huyo mdogo wake ndiye fundi wa mitambo wa kituo. Wafanyakazi wote humwita Mjomba, kwa kuwa ni mjomba wa watoto pacha wa dada yake, na nywila yake ilikuwa tarehe waliyozaliwa. Mama gani asiijue tarehe hiyo?

Mjomba mwenyewe, alipoulizwa kama dada yake aliijua nywila, alijibu maneno ambayo Kobe aliyapigia mstari mara mbili kwenye daftari lake: "Siwezi kusema hakuijua."

Kobe alianza pale ambapo wenzake walikuwa hawajagusa. Wote walikuwa wakitafuta ujumbe mmoja. Yeye alihesabu wote. Alichukua orodha ya jumbe zilizotoka Kituo cha Simu siku ya upepo, akazipata sitini na tatu. Akaenda zimamoto akahesabu zilizofika, akazipata hamsini na nne. Akadhani amekosea, akavaa miwani, akahesabu tena kwa kidole. Hamsini na nne. Kapteni wa zimamoto aliona haya, akasema siku ile vijana wake walikuwa nje tangu asubuhi na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kubonyeza kitufe cha kujibu kwamba amepokea. Kwa hiyo kimya cha zimamoto hakikumshtua mtu kule Kituo cha Simu.

Jumbe tisa zilikuwa zimepotea. Mmoja ni wa fundi cherehani. Kobe alizifuata nane zilizobaki kwa miguu, mlango kwa mlango. Kwa mmoja nguzo ya umeme iliegemea ukuta wa jiko. Kwa mwingine mti ulilalia choo na mzee alikuwa ndani yake. Mkwe wa mzee huyo alieleza kwamba walisubiri mpaka wakachoka, wakaazima msumeno, na mzee akatoka akilalamika kwamba hata chooni siku hizi mtu hapumziki. Hakuna aliyelalamika kwa maandishi. Walidhani wamesahauliwa kwa sababu ya unyonge wao, na mnyonge akisahauliwa haoni kuwa ni habari.

Kati ya simu hizo tisa, nne zilipokewa na Mama Pacha. Tano zilipokewa na wenzake wawili. Kobe aliandika chini ya hesabu hiyo: watu watatu hawazembei kwa mtindo mmoja, saa zilezile, siku moja.

Hapo akamwendea mwalimu mmoja wa kike wa chuo cha ufundi, akampa nakala ya daftari la ndani la seva, lile linaloandikwa na mashine yenyewe. Mwalimu alikaa nalo siku mbili. Alipomwita Kobe alikuwa amepaka rangi ya njano mistari tisa, yenye dakika zilezile za jumbe tisa zilizopotea, na kila mstari ukisema jambo moja, kwamba kadi ya kurushia ujumbe imekataliwa kuingia kwenye kumbukumbu. Alikuwa amepaka pia mistari mingine miwili. Kuhusu hiyo miwili Kobe hakumwambia mtu.

Ndiyo maana Ijumaa hiyo, saa tatu asubuhi, alikuwa amesimama katika chumba cha mitambo amevaa jaketi la kuazima, kwa maana mle ndani ni baridi kama kwenye bucha. Mjomba alikuwa kijana mpole, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea peke yake na mashine. Kobe alimwomba amfundishe. Alisema yeye ni mzee wa kalamu na faili, haya mambo ya seva yanamchanganya, na haoni haya kuwa mwanafunzi mbele ya mtu wa umri wa mwanawe. Mjomba alifurahi. Fundi akiulizwa habari za kazi yake hukunjuka kama mkeka.

Alieleza kwamba seva hiyo haizimwi kamwe, kwa sababu simu za dharura hazina likizo. Ilipoanza kulemewa, wakaagiza kumbukumbu zaidi ili ipate nafasi ya kuweka mambo mengi kwa wakati mmoja. Vipande vipya vilichomekwa seva ikiwa inafanya kazi, siku moja kabla ya ule upepo. Kobe akaonyesha kadi iliyokuwa ikiwakawaka taa ya kijani, akauliza ni ya nini.

"Hiyo ndiyo inayorusha ujumbe kwenda zimamoto," Mjomba alisema. "Haiombi kwa mtu. Programu ikishaweka ujumbe kwenye kumbukumbu, kadi inakwenda yenyewe, inauchukua, inarusha."

"Inajichukulia tu, kama mtoto na sukari?"

"Ingekuwa hivyo tungeharibikiwa, Afande. Kuna bawabu. Ndani ya mashine kuna sehemu yenye orodha ya rafu za kumbukumbu ambazo kila kadi inaruhusiwa kuingia. Rafu isiyokuwamo kwenye orodha, kadi haiingii."

"Na hizi rafu mpya mlizoongeza?"

"Bawabu hazijui. Lazima umjulishe kwanza, kadi moja moja, zote sita. Ukimaliza ndipo unazifungua rafu, programu zianze kuzitumia."

"Ukizifungua kabla ya kumjulisha?"

Mjomba alianza kufuta vumbi kwenye mlango wa kabati la seva, mahali pasipokuwa na vumbi. Alisema programu itaweka ujumbe kwenye rafu mpya na kuandika kwamba imetuma. Kadi itaufuata. Bawabu ataikataa.

"Itapiga kelele ikikataliwa?"

"Hii yetu haipigi. Inaandika mstari mmoja kwenye daftari, inaendelea na ujumbe unaofuata."

"Kwa hiyo kila ujumbe utapotea."

"Hapana. Rafu za zamani zikiwa na nafasi, ujumbe unakaa huko na unafika vizuri. Unaweza kukaa mwezi usione kitu. Mpaka rafu za zamani zijae."

"Siku yenye simu nyingi."

"Ndiyo, Afande."

"Kama siku ya upepo."

Kobe alichomoa fomu kutoka kwenye faili, akaiweka juu ya meza ndogo iliyokuwa na boksi la glavu na ule mkanda wa mkononi ambao mafundi huuvaa ili umeme wa mwilini usiunguze vipande. Ilikuwa fomu ya kazi ya kuongeza kumbukumbu, hatua kumi na tisa, kila moja na alama ya vema na saa yake. Ilisema bawabu amejulishwa saa tano kasorobo, rafu zikafunguliwa saa tano kamili. Chini kulikuwa na saini. Mkuu wa kituo alikuwa ameiambatisha kwenye faili mwenyewe, kama ushahidi kwamba kazi ilifuata taratibu.

Kobe alisema fomu hiyo imempendeza kwa usafi wake. Alama kumi na tisa zimenyooka kama zimepigwa kwa rula, wino ni mmoja, na hakuna hata doa la kidole. Akauliza swali ambalo Mjomba alilijibu haraka, kwa kuwa halikuonekana kuwa swali la polisi.

"Ukiwa umevaa glavu na huo mkanda, kalamu unaishikaje?"

"Siishiki. Fomu tunaijaza kabla ya kuvaa."

Alieleza kwamba ni desturi aliyoirithi kwa fundi aliyemtangulia. Zamani kifuniko cha kalamu kiliwahi kuanguka ndani ya mashine kikaleta balaa, na tangu siku hiyo kalamu hairuhusiwi karibu na kabati lililo wazi. Fundi hukaa mezani, hupiga alama zote, hukadiria saa, hutia saini. Kisha huvaa glavu na kuanza kazi. Kwenye seva ya zamani haikuwa na madhara, kwa maana ile haikuwa na bawabu. Kila kadi ilifika kila rafu, kosa la mpangilio halikuua mtu.

"Basi karatasi hii haisemi ulichofanya," Kobe alisema. "Inasema ulichokusudia kufanya."

"Kila mtu hapa anajua."

"Mahakama haijui."

Kobe akatandaza karatasi ya mwalimu juu ya fomu. Alikuwa na desturi ya kuinamisha kichwa kidogo kabla ya kumwambia mtu neno zito, midomo ikicheza bila sauti. Wenzake walimcheka kwa hilo pia. Alipoinua uso aliusoma mstari wa njano bila haraka.

"Mashine inasema rafu zilifunguliwa saa nne na dakika kumi na mbili, siyo saa tano. Na inasema kwamba siku ile bawabu hakujulishwa chochote. Si saa tano kasorobo, si saa nyingine yoyote."

Mjomba alitazama karatasi bila kuigusa.

"Mstari wa pili ni wa kesho yake ya moto, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mtu ameingia kwa nywila ya tarehe ya pacha, akamjulisha bawabu kadi zote sita. Ndiyo maana mlipojaribu mara thelathini hamkukuta kosa. Sasa, wanasema dada yako alikuwa akiitumia nywila hiyo. Saa hiyo dada yako alikuwa kituo cha polisi. Maelezo yake nilikuwa nayaandika mimi, kwa mkono wangu huu. Alikuwa ameomba maji nikamwambia asubiri."

Mitambo ilivuma. Mjomba alivuta kiti akakaa, akakunja mikono kifuani kama mtu anayezuia kitu kisianguke.

Alieleza yote bila kulazimishwa, na Kobe aliandika. Siku ya kuongeza kumbukumbu Mkuu alileta wageni kutoka wizarani. Walijipanga hapo mlangoni na suti zao, wakaambiwa wataona kumbukumbu ya seva ikiongezeka mara mbili bila kuzimwa. Kumjulisha bawabu huchukua zaidi ya nusu saa, na skrini haionyeshi kitu. Wageni wakaanza kutazama saa. Mkuu akamwambia afungue rafu watu waone namba ikipanda, hayo mengine atayamalizia. Akafungua. Namba ikapanda, wageni wakapiga makofi, na Mkuu akamchukua fundi kwa bega ili akapigwe picha nao na kunywa chai. Aliporudi ilikuwa saa sita. Alitoa glavu alizosahau mfukoni, akaichukua fomu kuangalia alikofikia. Hatua zote zilikuwa na alama.

"Nikaiamini," alisema. "Ni mwandiko wangu, Afande. Nani hauamini mwandiko wake?"

"Na baada ya moto?"

"Nililala nikaota lile daftari. Nikaja alfajiri, nikalifungua, nikaiona ile mistari tisa. Nikarekebisha kwanza. Kisha nikamwambia Mkuu."

"Akasemaje?"

"Akasema dada atapewa onyo tu, maana kosa lake haliwezi kuthibitishwa. Lakini mimi nikisema, tutafukuzwa wote wawili. Akaniuliza pacha watakula nini. Akaniambia nichague."

"Ukachagua."

"Nilidhani ni onyo."

"Lilipogeuka kuwa shtaka?"

Kijana alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomchukiza Kobe kuliko machozi. Alisema siku zilikuwa zimeshapita nyingi, na kila siku iliyopita ilifanya iliyofuata kuwa ngumu zaidi.

"Ulichosema kuhusu nywila kilikuwa kweli," Kobe alisema huku akifunga kalamu. "Kweli tupu. Ndiyo maana kilimkaba vizuri."

Mkuu wa kituo alimpokea ofisini kwa kiti kizuri na maji ya baridi. Alisikiliza habari yote kwa uso wa mtu aliyefiwa. Kisha akasema hakumbuki kumwambia yeyote afungue chochote. Yeye si fundi, angeamrishaje jambo asilolijua? Ziara ya wageni ilikuwapo, ndiyo, na picha zipo, lakini picha hazina sauti. Mazungumzo ya asubuhi ile na Mjomba hayajawahi kufanyika. Alimsikitikia kijana huyo, akasema msongo wa mawazo humfanya mtu asikie maneno. Kobe alimuuliza kwa nini basi aliiweka ile fomu kwenye faili, wakati kila mtu kituoni anajua hujazwa kabla ya kazi. Mkuu akajibu kwamba fomu ina saini, na kazi yake yeye ni kuamini saini za watu wake.

Kabla Kobe hajafika ngazini, barua ya kumsimamisha kazi Mjomba ilikuwa ikichapwa. Katibu muhtasi alimnong'oneza kwamba kuna ya pili, ya kuishukuru polisi kwa weledi.

Mchana aliipeleka karatasi kwa mwendesha mashtaka, naye aliisoma amesimama. Alisema Mama Pacha ameondoka kwenye faili. Kijana ataingia mahali pake. Kuhusu Mkuu alikuna shingo, akasema neno la mshtakiwa dhidi ya neno la mkuu wa kituo, bila shahidi, halifiki mbali. Kobe alijua hivyo tangu chumba cha mitambo. Aliomba hata hivyo jina la Mkuu liandikwe, lisomwe mahakamani hata mara moja. Mwendesha mashtaka aliliandika kwa penseli.

Saa kumi alasiri alibisha hodi kwa Mama Pacha. Vyumba viwili, sakafu imedekiwa, jozi mbili za viatu vidogo zimepangwa nje ya mlango. Mama Pacha alikuwa akipiga pasi sare za shule, moja ilikuwa tayari na nyingine bado, kama mtu anayetaka kuacha kila kitu kikiwa sawa kabla ya safari. Mwanamke mnene, wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti nzuri ambayo mji mzima uliijua bila kuujua uso wake. Alimvutia Kobe kiti, akasema kama amekuja kumchukua leo, basi amruhusu amalize shati hili la pili, maana hawa watoto hugombana mmoja akinyooshewa na mwenzake asinyooshewe.

Kobe alimwambia hakuja kumchukua. Akamwambia yote, polepole, kwa mpangilio: jumbe tisa, kadi, bawabu, rafu zilizofunguliwa mapema. Mama Pacha alizima pasi. Alipoelewa kwamba ujumbe wake ulitoka kidoleni mwake kama ulivyotakiwa, alikaa chini, akaweka kiganja kwenye paja na kukitazama.

"Nilibonyeza," alisema.

"Ulibonyeza, mama. Saa nane na dakika kumi na moja."

"Nilikuwa nimeanza kuamini sikubonyeza. Watu walisema sana, mpaka nikawa naona kidole changu kikiwa hewani."

Kobe akamfafanulia kwamba yapo maelezo ya kutia saini, ya kukiri kwamba amejulishwa shtaka limeondolewa na nani sasa anashtakiwa. Akayaweka juu ya meza ya kupigia pasi. Alimwacha asome. Mama Pacha alisoma hadi jina la mdogo wake, akaacha hapo kidole, na hakuuliza jina hilo linafanya nini. Aliuliza jambo moja tu.

"Alijua lini?"

"Kesho yake ya moto. Alfajiri."

Alihesabu kwa kimya, vidole vikigusana kimoja kimoja. Mtaani watoto walikuwa wakigombea mpira, na kutoka nyumba ya jirani redio ilikuwa ikitangaza bei za mahindi.

"Jumapili ile alikuja hapa," alisema hatimaye. "Nimemlea mimi yule, tangu ana miaka sita. Nikamwambia, mdogo wangu, labda kweli sikubonyeza. Labda mkono ulichoka, nimewaua watu wale. Akanishika mkono. Tukapiga magoti wote wawili, hapohapo ulipoweka kiti chako. Akamwomba Mungu anisamehe damu ile. Aliomba kwa kirefu, Afande. Aliomba na machozi yanamtoka."

Alichukua kalamu, akatia saini kwa mwandiko wa duara ulionyooka, akamsogezea karatasi.

"Na mimi nikaitikia Amina."